Wakia na Ushei

Mei. Kisanduku namba kumi na saba.
Bi Prowse anaziba tundu kwa soksi kuukuu,
anakishusha kwenye mheizeli kama sufuria ya maziwa iliyojaa,
ananiambia: shika wewe leo, vidole vyangu vina baridi,
na yeye hapendi vidole baridi.

Mfukoni mwa plastiki kitu rangi ya sukari guru
kimejikunja, mkia wa manyoya juu ya pua,
sikio la kushoto lina pengo.
Springi inashuka kidogo, inasita.
Kumi na nane na nusu. Mfuko wenyewe ni tatu.
Kumi na tano na nusu, nasema.
Anaandika kwa penseli, maana wino hauipendi mvua ya Devon.

Kiswahili hakikumpa jina, sikulaumu,
wapi na wapi. Nikamwita kisinzia.
Bi Prowse akalijaribu mara mbili, kama mtu anayeonja chumvi,
kisha akalichora pembeni mwa daftari, kwa herufi zake.

Shuleni Tabora mizani ilikuwa ya shairi,
nane kwa nane, tukihesabu kwa vidole chini ya dawati.
Hapa nahesabu vingine.
Juni, maua ya miiba: kumi na saba.
Julai hapandi wala hashuki.
Agosti mvua tupu, kumi na nane, tukanung'unika.
Septemba beri nyeusi, na kinyesi chake kikawa zambarau.

Oktoba tulizikuta kokwa chini, zimetobolewa mviringo laini kama zimepigwa msasa,
na yeye ndani, shingo imepotea, tumbo limejimwaga kotekote, hana haya wala haraka,
mfuko ukanivuta mkono, naapa ulinivuta, ingawa ni gramu, ni gramu tu, thelathini na moja baada ya kutoa mfuko,
nikasema wakia! Wakia na ushei! Kipimo alichopimia sonara pete ya mama, akipuliza kisahani kisiguswe na vumbi.
Bi Prowse akacheka mpaka akashika mti.

Novemba
hatupimi.
Desemba
hatupimi.
Ameshuka mtini,
amejifuma kwenye mpira wa magome
chini ya majani,
pale pale unapoweza kumkanyaga.
Moyo unapiga.
Unafikiri.
Unapiga.
Haba na haba,
tuliimba,
hujaza kibaba.
Hakuna aliyetuambia
haba na haba
hukimwaga.

Ukimwamsha, unamla akiba.
Kwa hiyo safu za daftari ziko wazi, miezi mitano,
na yanayompata humo hayana shahidi.

Mimi baridi yangu ya kwanza ilikuwa ghalani,
zamu ya usiku, mbaazi zilizogandishwa, glavu mbili mbili.
Nilishuka nchini na kilo sabini na mbili.
Januari nilitoboa mkanda kwa msumari.
Machi nikatoboa tena.
Simu ya nyumbani: umenenepa?
Nimenenepa.
Wakashangilia, shangazi akapiga kigelegele,
nami nikakaa kitandani na koti langu
nikisikiliza bomba likigonga ukutani.

Mei tena. Kumi na saba ni tupu, kuna buibui.
Kumi na nane, tupu. Kumi na tisa, kiota cha ndege na yai lililopasuka.
Bi Prowse hasemi neno. Anapumua kwa mdomo, kilima kimemchosha.
Ishirini na mbili ni kizito, au nadhani ni kizito.
Soksi. Mfuko. Rangi ya sukari guru, iliyofifia.
Natafuta sikio la kushoto
lakini amejikunja upande huo huo.

Springi inashuka, inasita.
Kumi na tano, nasema. Kasoro kidogo.
Ni yeye?
Sijui.
Andika tu kumi na tano, kasoro.

Tulipokaa kwenye gogo akautazama mkanda wangu,
matundu mawili yasiyo sawa, ya msumari,
yaliyobaki nyuma sasa, nje ya kazi.
Hakuuliza. Akakata sandwichi yake,
jibini na kitunguu,
akanipa nusu iliyo kubwa.
Nikaila yote.