Nyota za Bati

Nyota ya kwanza ilikatwa kwa hasira.
Mwaka hamsini na tatu dagaa walikwepa nyavu tangu Agosti,
na mwenye kiwanda akalipa ujira wa Desemba kwa vifuniko vya makopo:
masanduku kumi na manne ya bati lililochapwa vibaya,
herufi moja imeruka katika jina la samaki, hayauziki.
"Mtajua la kuyafanyia," alisema, akawasha gari.

Deolinda Carriço hakuumbiwa kunyamaza.
Alitwaa mkasi wa mumewe, fundi wa mabomba,
akakata kifuniko pembe tano,
na ya sita, kwa kuwa mkono ulikuwa haujapoa,
akakitundika juu ya mlango wa ofisi ya kiwanda,
chapa ikitazama nje,
ili kila aendaye misa ya usiku asome lile kosa.

Hiyo ndiyo asili yake.
Padri hupenda kusema kulikuwa na ndoto.

Kesho yake Graciete akakata tatu. Dada wawili wa Mtaa wa Tanuri,
waliokuwa hawasemezani kwa ajili ya kuku,
wakashika ncha mbili za waya mmoja.
Kufikia mkesha zilikuwa arobaini na kitu,
na upepo ulipopanda kutoka mlango wa mto
mji mzima wa Sobral da Foz ulilala
kama uliofungiwa ndani ya kabati la sufuria.

Mwaka uliofuata dagaa walirudi, na fedha ikarudi,
lakini hakuna aliyethubutu kutotundika.
Belmiro wa umeme alileta balbu alizozichovya
katika rangi iliyobakia milango ya shule.
Nyekundu ilikwisha mapema; ndiyo maana
barabara ya juu ilisherehekea Noeli ya kijani kitupu,
miaka tisa.

Kisha vita. Vijana walipakiwa kwenda Angola, kwenda Msumbiji,
kuwazuia wenye nyumba wasimiliki nyumba yao;
hivyo ndivyo tunavyosema leo. Wakati ule
mama zao walichukua nyundo na msumari
wakatoboa majina kwenye bati, tundu kwa tundu,
na taa ikiwashwa nyuma
ZEFERINO aliandikwa kwa mwanga ukutani kwa mwokaji mikate.
Wengine waliteremshwa kila Januari. Yeye, mama yake alikataa.
Alikaa pale mvua na jua, akishika kutu,
hata mwokaji akazoea kupaka chokaa akimzunguka.

Themanini na nane kiwanda kilifungwa.
Halmashauri ikaagiza nyota za plastiki kwa katalogi,
zote ndugu, zote pembe tano,
na za bati zikatiwa magunia, darini mwa zimamoto.

Mimi ni mtu wa ngazi. Nilianza kazi hii nina ngazi na mgongo;
sasa nina ngazi.
Novemba moja, nikitafuta kamba, nilikanyaga gunia
likalia.
Niliijua sauti ile kabla sijajua ni ya nini:
ndiyo niliyolalia utotoni.

Sikuomba ruhusa. Mwaka ule nilitundika moja,
pale taa ya mtaa isipofika. Uliofuata, mbili.
Meya hajaona, au ana adabu.
Leo ni ishirini na tatu, na Zeferino yuko kwake,
ingawa herufi ya mwisho imeliwa na kutu
na ukutani anasomeka ZEFERIN,
kama aliyeitwa na mtu akakatizwa.

Ile ya pembe sita niliiweka mwisho.
Kiwanda sasa ni hoteli. Nilipanda asubuhi, vidole vimekufa kwa baridi,
nikapapasa: tundu la msumari wa Deolinda bado lipo.
Mgeni mmoja mwenye kofia ya sufu akaipiga picha,
akasoma lile kosa, akacheka,
akauliza zinauzwa wapi.

Haziuzwi, nikamwambia kutoka juu.
Huo ni mshahara.