Kilo Mia Moja na Sabini

Carina ya baba iliegeshwa langoni Bombo miaka kumi na mitatu,
ikipeleka waja wazito, ikirudisha wazazi na vichanga,
na siku nyingine ikirudisha blanketi tupu.
Alipofariki ikalala uani, Barabara ya Kumi na Nne.
Kuku wakatotoa kwenye buti.
Mama akasema: uza.
Nikasema: nipe.
Akanitazama kama mtu aliyeombwa jino.

Daftari, ukurasa wa kwanza:
betri ya mtumba, elfu hamsini na tano.
Plagi nne, kwa mkopo.
Kuku, wamehamishwa, bure.

Gari la mashindano halijengwi, linavuliwa.
Viti vya nyuma, chini. Kiyoyozi, chini.
Ile lami ya kuzuia kelele iliyogandia sakafuni
niliibandua kwa patasi siku tatu,
magoti yakaota sugu kama ya mtu wa swala nyingi.
Chini ya zulia nilikuta
sarafu ya Kijapani yenye tundu katikati,
mbegu za ubuyu za kutosha kupanda msitu,
kandambili ya mtoto, mguu wa kushoto,
na risiti ya Bombo, wino umekimbia, limebaki neno moja: dripu.
Sarafu niliitia uzi.
Risiti niliitia mfukoni, sikumwonyesha mtu.

Nilimpelekea Shekiondo bomba la maji, achomelee kizimba.
Akaligonga kwa nyundo, akasikiliza, akalitupa kando.
"Hili limezoea kubeba maji. Shingo yako hailijui."
Tukafuata bomba zito Pongwe, lisilo na mshono.
Bomba likala pesa ya breki.
Breki zikala upatu wangu.
Upatu ukala Idi: mwaka ule sikushona.

Springi tulizikata duru moja,
gari likachuchumaa kama paka aliyeona panya.
Giaboksi ya mkono ilitoka kwenye Corolla iliyogonga mnazi Maweni.
Mnazi, nasikia, bado unazaa.

Kwenye korona ya zamani ipo mizani ya marobota.
Karani Mhando akatoka na kalamu sikioni:
"Robota gani hili lenye taa?"
Mwanzo lilikuwa elfu moja na themanini.
Sasa, mia tisa na kumi.
Nilipiga hesabu mara mbili, nikacheka peke yangu
kama mwizi aliyejiibia.

Mashindano yalikuwa pale pale, uwanja wa kuanikia mkonge.
Mapipa yamepakwa chokaa ya Amboni, kona saba,
vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno.
Kona ya tatu nilichelewa kukanyaga, pipa likaenda na kioo changu.
Dakika moja, sekunde hamsini na mbili.
Nilikuwa wa kumi na moja kati ya kumi na wawili.
Wa kumi na mbili aliunguza klachi kabla ya bendera.

Jioni, watu wamepungua, mama akaja, viatu mkononi.
Akalizunguka gari kama anayelipia mahari.
"Linachukua wangapi?"
"Mmoja."
"Baba yako alipakia saba, na mbuzi."
Akafungua mlango wa nyuma.
Akakuta bati tupu, nyaya, vyuma vya Shekiondo.
Nilidhani atanigombeza.
Akaomba kreti la soda, akaligeuza,
akapenya katikati ya mabomba, akaketi
upande wa kushoto, dirishani,
pale alipoketi amempakata Mbwana,
chupa ya dripu ameinyanyua kwa mkono wa kulia.

Kandambili ilikuwa kwenye boksi la spana. Nilimpa.
Hakuuliza nimeipata wapi.
Aliipangusa kwa kanga, muda mrefu, ingawa haikuwa na vumbi.

"Twende," akasema. "Ila usikimbie.
Siku ile tulikimbia sana."

Nikatia gia ya kwanza.
Kona saba, kwa gia ya kwanza, mapipa yakitupita mmoja mmoja,
kreti likilia kwenye bati.
Mhando alikuwa amesimama kwenye mstari na karatasi yake ya muda.
Alipotuona tunakaribia, akaikunja.