Mkato

Saa mbili na robo, Masijala ya Ardhi.
Upepo wa Julai umewahi kuingia kabla yetu
na kuacha vumbi jekundu juu ya kibodi;
herufi A imezama kama mbegu.

Mama Sechelela wa Hombolo ameketi benchini,
kitenge mabegani, miguu ameikunja kukwepa baridi.
Shamba lake la zabibu, ekari moja na nusu,
limo ndani ya seva, chumba cha pili.
Ukuta mmoja tu, na mimi sina mlango.

Nabisha hodi.
Kwanza kama mgeni, bila jina, mikono mitupu.
"Ruhusa imekataliwa."
Nabisha kwa jina langu.
"Ruhusa imekataliwa."
Nataja jina, idara, kikoa kizima,
kama mtu anayejieleza msibani kwa wasiomjua:
mimi ni fulani, wa kwa fulani, tumetokea upande ule.
Kosa namba kumi na tatu.
Narudi kwenye itifaki ya zamani, lahaja ya kale,
nikidhani labda seva ni mzee, haisikii lugha ya vijana.
Haikujibu kabisa. Hata tusi.

"Bado, baba?"
"Bado, mama. Inakataa kunitambua."
"Shemeji zangu nao," akasema, "walianza hivyo hivyo."

Folda ya ramani aliiacha Mzee Ndahani,
mkuu wa masijala, mstaafu, sasa anafuga nyuki Mpwapwa.
Tuliiogopa kalamu yake nyekundu.
Barua yangu ya kuomba likizo ilirudi inavuja damu:
"Weka mkato hapa. Msomaji naye ana mapafu."

Nikampigia.
Jina la mtumiaji ninalo, mzee, nywila ndiyo sina.
Kimya kidogo, jogoo kwa mbali, kisha sauti yake:
"Mbukwa, mama."
Nikasubiri amalize kumsalimu aliyepita.
Jogoo tena. Salio langu linayeyuka.
"Mbona huandiki?" akafoka. "Ndiyo hiyo.
Na mkato usiuache."

Nikaandika yote katika mstari mmoja wa amri:
jina, nywila, toleo,
machaguo yamefuatana, kila moja na mkato wake.
Mashine ikasoma hadi "mbukwa", ikatua.
Kilichobaki ikakiona chaguo jingine, geni,
ikaandika kwenye kumbukumbu zake bila haya:
"Kigezo kisichojulikana: mama."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.
Alama ile ile aliyoipenda mzee kwa ajili ya pumzi
kwa mashine ni panga.
Salamu imekatwa katikati,
na aliyesalimiwa amebaki nje kwenye baridi
akiulizwa yeye ni nani.

Nikafungua faili dogo, pembeni,
mstari wa kwanza jina, wa pili siri,
nikalifunga lisisomwe na yeyote ila mwenye mashine.
Humo mstari husomwa mzima, hadi unapokoma wenyewe,
na mkato ni mkato, haukati mtu.
Kwenye amri nikaacha njia tu ya kulifikia.
Nikabonyeza.

Haikusema karibu. Mashine hizi zikikubali hunyamaza.
Lakini folda zikaanza kujipanga, moja moja:
Chihanga, Hombolo, Ipala, Makutupora,
na ndani ya Hombolo mipaka minne,
jiwe la kaskazini, mfereji, mizabibu kwa nukta za kijani.

Kesho nitaibadilisha nywila, utaratibu unataka hivyo.
Leo hapana.

Nikamgeuzia Mama Sechelela kioo.
Mzee Ndahani alikuwa ameandika, kwa mkono wake usiosamehe:
Sechelela Malogo, mjane, mmiliki.
Akasoma kwa kidole, polepole,
akitua kila palipoandikwa atue.