Kutia Chumvi

Leo alfajiri nimezima injini juu kabisa, pale Moldo-Ashuu,
kwenye kona ambapo pikipiki yako ilikufa mara tatu
na mara tatu ukaifufua kwa matusi ya Kirusi
ambayo baadaye ulitukataza kuyarudia.

Mwalimu Zuurakan,
kila Juni ulitufuata malishoni
na ubao mweusi umelazwa ndani ya kigari cha ubavuni,
mimi nimeukalia, sanduku la chaki mapajani.
Kazi yangu ilikuwa moja: nisianguke.
Nilikuwa na miaka tisa.
Sijapata tena cheo kikubwa kama kile.

Shule ilikuwa popote ubao ulipopata pa kuegemea:
hema la sufu la bibi yangu,
gurudumu la mkokoteni,
mara moja mgongo wa farasi aliyelala,
akaamka katikati ya sentensi akaondoka na kitenzi.
Kugawanya tulijifunza kwa mkate.
Aliyekosea alipewa kipande chembamba,
kisha, kwa siri, ulimpa chako.
Siri ile tuliijua sote.
Tukawa tunakosea makusudi.

Wazee walinong'ona: mwanamke peke yake milimani,
mvi zimeshaanza, siku akianguka nani atamwokota?
Ukawajibu huku ukijifunga kitambaa kichwani:
"Nikianguka, basi hapo ndipo nilipofika."
Ukiwa na miaka hamsini na minane ukajifunza kuogelea
katika ziwa Song-Kul, linalong'ata hata Agosti.
Ulitoka midomo imekuwa buluu, unacheka,
ukaomba penseli uandike nyuzi za baridi.

Na bahari.
Ulitusimulia bahari ambayo hukuwahi kuiona:
maji yasiyo na ng'ambo, yanayopumua, yasiyonyweka.
Baba akasema, mwalimu anatia chumvi.
Mwaka uliostaafu ukaenda kuifuata chumvi yenyewe,
siku nane ndani ya treni hadi Vladivostok,
ukarudi na chupa ya soda imefungwa kwa nta.
Ukapita nyumba kwa nyumba na kijiko.
"Jiografia," ulisema, "ni ya kuonjwa."
Baba alitema.
Bibi aliomba kijiko cha pili.
Mimi nilikuwa mtu mzima, nina ndevu, nina leseni,
nikafumba macho na kupanua kinywa kama kinda.

Ulikufa Februari, barabara imezibwa.
Na mwenye kazi ya kuizibua ni mimi.
Saa kumi na moja nilikwangua theluji,
na kila nilipotazama kioo
taa za magari zilikuwa zimeongezeka nyuma yangu:
daktari wa mifugo, muuza simu, pacha wa Toktobübü,
wote waliowahi kula mkate wako.
Hakuna aliyepiga honi.

Nje ya hema nilisimama na wanaume,
nimeegemea fimbo, tulie kwa sauti, ndiyo desturi.
Sauti ikanigomea.
Kilichotoka ni jedwali la saba.
Saba mara moja. Saba mara mbili.
Nikakwama kwenye saba mara nane, nilipokwama maisha yangu yote,
na pembeni yangu Taalai mwenye meno ya dhahabu,
machozi yakimtiririka, akaninong'oneza:
hamsini na sita, mjinga wewe.

Leo hakuna theluji nyingi, barafu tu.
Nyuma ya lori nimebeba chumvi.
Ndiyo, mwalimu, serikali inanilipa
kutia chumvi, toka Oktoba mpaka Aprili.
Nimevua glavu, nimechovya kidole, nimeonja.
Ina mchanga, ina dizeli.
Si bahari, najua, ungenisahihisha,
ungesema nitafute neno linalofaa zaidi.

Bado nalitafuta.
Basi la shule limefika nyuma yangu,
dereva anawasha taa, anazima, anawasha.
Haya. Naenda.