Kiti cha Shimo la Tewa

Maonyesho ya Mkomani, magereza waliuza viti.
Nikanunua kimoja, cha mvule, elfu nne kasoro mia.
Sikumuuliza askari nani alikichonga.

Mwanasiti, jirani yangu wa Majengo, akamaka:
"Na ikiwa ni mkono ule ule
uliomchoma kisu Swaleh wako?"

Hakimu alimpa miaka kumi na mitano.
Nilidhani usiku ule nitalala. Wapi!
Nilitaka aumie; ameumia, nasikia kifua chambana,
na kitanda cha Swaleh
bado nakitandika kila Ijumaa.

Leo nimekikalia.
Hakiyumbi. Mguu mmoja umepigwa randa mara mbili,
kana kwamba fundi alikosea,
akaona,
akarudia.

Nikainuka. Nikakitazama.
Nikakaa tena.