Rivasi

Delmar alikiegesha mteremkoni,
pua ikitazama barabara,
na sisi hatukujiuliza kwa nini.

Kijiko cha tani saba, cha mwaka sabini na nane.
Rangi ya njano imebaki pale tu mikono haikufika.
Reino alikizunguka mara tatu, viganja mfukoni,
kama mtu anayechumbia na hataki ijulikane.
Injini ikashika mara moja. Kikashuka polepole mpaka langoni.
"Elfu nne na mia tano," Delmar akasema, akitazama mawingu.

Nilihesabu dola juu ya boneti lenye joto,
pesa za misonobari tuliyouza vuli.
Rahisi hughali, nikajisemea, wala sikutoa sauti:
bomba letu la maji liliganda Januari,
na aliyebeba ndoo thelujini miezi mitatu
hahoji habari za gia.

Nyumbani, mbele ya banda, Reino akavuta rivasi.
Injini ikapandisha sauti. Magurudumu yakanyamaza.
Akazima, akawasha, akavuta tena,
akaapiza kwa Kifini cha bibi yake.
Ndipo nikauelewa ule mteremko.
Hatukuuziwa mbuzi kwenye gunia.
Tuliuziwa mbuzi mchana kweupe,
ila hana miguu ya nyuma.

Na kimeziba njia! Basi akageuza kiti,
akaunyoosha ule mkono mrefu wa kuchimbia,
meno yakauma ardhi, mashine ikajivuta.
Akanyoosha, ikauma, ikajivuta,
kinyumenyume, kama mlevi anayetafuta mlango wake,
ikipasua bustani yangu ya viazi.
Nilicheka mpaka nikakaa kwenye theluji chafu.
Yeye hakucheka hadi Jumanne.

Wiki sita giaboksi ililala mezani
imepasuliwa kama samaki.
Oili ilitoka nyeusi, ndani yake vumbi la shaba.
"Hii ni bushi," akasema. Kisha: "Ilikuwa bushi."
Kosa lenyewe, tulipolifikia,
lilikuwa pete ya raba, pana kama bangili yangu,
kavu, imekatika.
Dola kumi na moja, kutoka Ohio.
Tulifunga kila kitu mara mbili,
maana mara ya kwanza springi moja ilibaki mezani
na kila mmoja akamtazama mwenzake.

Juni, kikarudi nyuma.
Reino hakusimama. Akatoka nacho langoni,
shingo imegeuka, akakiendesha kinyumenyume
maili nzima, mpaka mbele ya kwa Delmar.
Delmar alikuwa barazani. Akainua kikombe cha kahawa.
Hakuna aliyesema neno.

Bomba sasa liko futi sita chini, baridi haitalifikia.
Gia ya tatu bado inaruka.
Hatuigusi.