Mama, Rudi

Muuguzi alikikunjua kiganja chako, Kageha,
kikiwa kidogo kama jani la kunde,
akanionyesha mfuo mmoja uliokikata katikati.
Kwenye kadi ya kliniki akaandika: Dauni.
Nikadhani ni jina la mji.
Nilikaribia kuuliza nauli.

Ulichelewa kukaa, ulichelewa kusimama.
Mavyaa alikuja na ndizi, akakutazama hadi chai ikapoa,
akasema, "Huyu wa ndani. Watu wasituone."
Miaka mitatu nilimtii.
Komeo halikujifunga lenyewe;
hiki kidole ndicho kilichokuwa kikilisukuma.

Endeki wa shamba la pili ndiye aliyebisha.
"Nasikia mtu anacheka humu kila asubuhi,
na wewe najua hucheki."
Akakubeba mgongoni hadi kwenye majani chai,
ukarudi na matope masikioni,
umelala fofofo kama mtu aliyelipwa.

Halafu Mwalimu Asava na kamba ya katani:
muhula mzima, kitanzi kimoja.
Nililia usiku nikijiuliza, nikifa
nani atamfunga huyu viatu?
Siku fundo liliposhika
ulilifungua, ukalifunga, ukalifungua,
mara kumi na tisa, mpaka giza,
nami nikaacha kuhesabu, sikuacha kulia.

Kuhesabu ukaendelea nako wewe.
Mayai sita, mstari. Mistari mitano, trei.
Noti ya zambarau, mia.
Chama cha Ijumaa kilikukopesha kuku wanane,
na katibu akaandika jina lako kwenye daftari
kwa wino uleule aliotuandikia sisi,
na riba ileile. Mmoja alitaka usamehewe.
Endeki akakataa: "Anayesamehewa deni si mwanachama."

Ilibaki barabara.
Pale Chavakali malori ya mchanga hushuka bila salamu.
Tuliivuka pamoja siku arobaini:
kulia, kushoto, kulia tena, sasa.
Ya arobaini na moja nikakuambia, "Nenda,"
nikakufuata nyuma ya mikaratusi
kama mwizi wa kuku.

Ulisimama ukingoni na trei yako.
Kulia. Kushoto.
Lumadede wa bodaboda akakuona,
akaingia katikati na pikipiki yake, akaizima;
mwenzake akafanya vivyo upande wa pili.
Lori likapiga honi, wakajifanya viziwi.
Hakuna aliyekushika mkono.
Hakuna aliyesema pole.
Walisimamisha barabara tu,
wakaangalia kando, kana kwamba wanangoja abiria,
hadi ulipoamua mwenyewe: sasa.

Hapo nikajua walikuwa wamejipanga,
na hakuna aliyeniambia.

Ng'ambo ukageuka. Ukanyoosha kidole
moja kwa moja hadi kwenye mti wangu.
"Mama, rudi! Umeacha maharagwe motoni!"
Soko zima likageuka.

Ulisema kweli. Yalikuwa yameungua.
Niliikwangua sufuria hadi saa tisa,
mlango wazi, sikio barabarani.
Lile komeo limeshika kutu; kuku wako hulidonoa.

Ukarudi, trei tupu, ukamwaga pesa mezani.
Nikahesabu. Nikarudia.
"Ishirini haipo."
"Nilikula mandazi."
"Kwa hela ya nani?"
Ukafuta mafuta mdomoni, polepole,
ukanitazama kama mtu anayemweleza mtoto jambo.
"Yangu."